Macho ya Manjano na Mrija Ulioziba: Historia ya Tiba Inayotuhusu Sisi wa Katwe



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na vijana wetu wa madrasa, mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumzia historia ya watu na miji. Safari hii tumeona tuzungumzie historia ya tiba. Tiba yenyewe ni ile ya kufungua mrija wa nyongo ulioziba kwa sababu ya saratani, na ile ya kuweka mionzi ndani ya mrija huo ili usizibe tena upesi.

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani kwa familia ya Katwe kujua mambo haya? Haja ipo. Mtu akigeuka manjano macho, mitaani kwetu maneno huwa mengi kabla ya hospitali kutajwa. Mmoja atasema ni homa ya ini, itapita yenyewe. Mwingine atasema amerogwa. Wa tatu ataleta chupa ya mitishamba, na mgonjwa atainywa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ni kweli kwamba wengi wenye macho ya manjano wana ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi. Lakini wako ambao mrija wao wa nyongo umezibwa na jiwe, na wako ambao umezibwa na saratani. Hao mitishamba haiwafungulii njia, na kila wiki inayopita inawapunguzia nafasi.

Nyongo inatoka wapi na inakwenda wapi

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hukusanywa na vijimrija vidogo vidogo vinavyoungana kama matawi ya mti, mpaka vikawa mirija miwili, wa kulia na wa kushoto. Hiyo miwili huungana karibu na mlango wa ini ikawa mrija mmoja. Pembeni yake umeshikamana mfuko wa nyongo, ambao ni ghala tu. Kisha mrija hushuka, hupita katika kichwa cha kongosho, na hufunguka ndani ya utumbo mwembamba, ambako nyongo husaidia kusaga mafuta ya chakula.

Sisi tunaoishi karibu na mfereji wa Nakivubo hatuhitaji mfano wa mbali. Mvua kubwa ikinyesha na mfereji umejaa taka, maji hayapotei. Hurudi nyuma, yakaingia madukani na majumbani. Nyongo nayo ikizuiwa hurudi kwenye ini, na rangi yake huingia katika damu. Hapo ndipo macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na mwili ukawasha usiku kucha mpaka mgonjwa hapati usingizi. Choo hupoteza rangi kwa sababu rangi yake ya kawaida inatokana na nyongo, nayo haifiki tena utumboni.

Saratani inaweza kuziba njia hii katika sehemu kadhaa. Inaweza kuota katika kichwa cha kongosho na kuubana mrija kwa nje. Inaweza kuota katika mrija wenyewe. Au matezi yaliyovimba kwa saratani iliyotoka kwingine yanaweza kuukandamiza. Ile inayoota pale juu, panapoungana mirija miwili, ni ngumu zaidi kuifikia, na mwaka 1965 daktari wa Marekani aitwaye Gerald Klatskin aliieleza kwa urefu hata ikabeba jina lake. Huko Thailand kaskazini mashariki saratani ya mrija wa nyongo ni nyingi kwa sababu ya minyoo ya ini inayopatikana kwa kula samaki wabichi. Kwetu Afrika Mashariki picha ni nyingine. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa 116 waliozibwa mrija wa nyongo, na katika saratani walizozikuta iliyoongoza ilikuwa ya kichwa cha kongosho. Walieleza pia kwamba wagonjwa wengi walifika wakiwa wamechelewa.

Neno safura na matabibu wa kale

Vijana wetu wanaosoma Kiarabu watatambua kwamba neno la Kiswahili safura lina udugu na neno la Kiarabu lenye maana ya umanjano, ambalo matabibu wa kale walilitumia kwa nyongo ya manjano. Kwa matabibu hao, waliopokea elimu ya Wagiriki kama Galen na kuiongezea, mwili ulikuwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nadharia hiyo leo haifuatwi tena. Lakini macho yao yalikuwa makali. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Qanun kwamba umanjano unaweza kusababishwa na kuziba kwa njia ya nyongo, na akatumia rangi ya choo kuwa dalili ya kubagua aina za umanjano. Karibu miaka 1000 baadaye, daktari wa Mulago bado anamuuliza mgonjwa rangi ya choo chake.

Kwa upande wa vyombo, Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013 hivi, aliandika Kitab al-Tasrif chenye makala 30, na makala ya mwisho ni ya upasuaji, yenye michoro ya vyombo kiasi cha 200. Miongoni mwa tiba alizozieleza ni kupitisha mrija mwembamba wa fedha katika njia ya mkojo iliyoziba ili kumfungulia mgonjwa. Basi fikra ya kupitisha mrija mahali palipoziba si ngeni, ina zaidi ya miaka 1000. Lakini ini lilibaki mbali na mikono yao. Liko ndani sana, lina damu nyingi, na wakati huo hapakuwa na dawa ya usingizi ya kutosha, wala dawa ya kuua vijidudu, wala njia ya kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

Zama za kisu

Mambo yalibadilika katika karne ya 19. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na mwaka 1867 Joseph Lister alieleza namna ya kuzuia kuoza kwa vidonda vya upasuaji. Madaktari wakathubutu kuingia tumboni. Mwaka 1882 Carl Langenbuch wa Berlin aliondoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1890 Ludwig Courvoisier wa Uswisi aliandika kanuni ambayo wanafunzi wa udaktari wanaihifadhi hadi leo: mgonjwa akiwa na umanjano, na mfuko wake wa nyongo ukapapasika umejaa bila ya maumivu, basi kuna uwezekano mdogo kwamba sababu ni mawe. Maana yake ni kwamba umanjano usio na maumivu si habari njema. Kwetu watu huona kinyume, kwamba kisichouma hakina hatari.

Mwaka 1935 Allen Whipple wa New York alichapisha habari za upasuaji wa kuondoa kichwa cha kongosho. Upasuaji huo, uliorekebishwa mara nyingi, hadi leo ndio unaompa nafasi ya kupona mgonjwa ambaye saratani yake ya sehemu hiyo imegunduliwa mapema na haijasambaa. Lakini wengi hugunduliwa saratani ikiwa imekwisha shika mishipa mikubwa au imefika kwenye ini. Kwa hao, kwa miaka mingi, msaada uliokuwepo ulikuwa kupasua tumbo na kuunganisha mfuko wa nyongo au mrija na utumbo ili nyongo ipate njia ya pembeni. Mgonjwa aliyekwisha dhoofika alilazimika kubeba jeraha kubwa kwa ajili ya kupata nafuu ya muda tu. Ndipo madaktari wakatafuta njia isiyohitaji kisu kikubwa.

Mionzi, kutoka Paris mpaka ndani ya uvimbe

Wakati huo huo historia nyingine ilikuwa ikitembea. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua eksirei. Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe bila ya kuchochewa, na mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakagundua radi, inayotoa mionzi mikali zaidi. Haikupita miaka mingi radi ikatumika kutibu. Mwaka 1901 daktari Henri Danlos wa Paris alitumia radi aliyoipata kwa Pierre Curie kutibu ugonjwa wa ngozi. Mwaka 1903 Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliandika barua akipendekeza kwamba kipande kidogo cha radi kiwekwe katikati ya uvimbe wenyewe.

Hiyo ndiyo mionzi ya ndani, ambayo wataalamu huiita brakitherapia, neno lililotolewa katika Kigiriki kwa maana ya tiba ya karibu. Faida yake tunaweza kuielewa kwa sigiri. Mkono ulio karibu na makaa huungua, na ukirudi hatua moja joto hupungua sana. Mionzi inayotoka katika kipande kidogo ni hivyo hivyo: umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Kwa hiyo ukiweza kukiweka chanzo cha mionzi kikagusana na saratani, saratani inapata dozi kubwa na viungo vya pembeni vinapata kidogo. Kwa ini, utumbo na figo, ambavyo vyote vimesongamana mahali pamoja, jambo hilo ni muhimu mno.

Lakini radi ilikuwa na madhara yake. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 1600, hivyo ikipotea au ikivuja ni hatari ya vizazi na vizazi. Na wahudumu walioishika kwa mikono nao walidhurika. Marie Curie mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na miaka yake mingi ya kushughulika na mionzi. Katika miaka ya 1950 daktari Ulrich Henschke, akiwa New York, akasaidia kueneza utaratibu mpya: kwanza unaweka mrija mtupu ndani ya mgonjwa kwa utulivu, unahakikisha umekaa mahali pake, kisha ndipo unapitisha chanzo cha mionzi ndani ya mrija huo kwa muda mfupi na kukitoa. Pia ikaanza kutumika iridi 192, inayotengenezwa kwa umbo la uzi mwembamba na ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 74.

Njia mbili za kufungua mrija bila ya upasuaji mkubwa

Mwaka 1968 William McCune na wenzake wa Washington walifanikiwa kupitisha kamera ya mpira mdomoni, ikashuka tumboni mpaka mwanzo wa utumbo, na kupitia hapo wakaingiza dawa ya rangi katika mlango wa mirija ili ionekane kwa eksirei. Mwaka 1974 madaktari wa Japani na wa Ujerumani, kila kundi kwa upande wake, walikata mlango huo kwa waya wa umeme kupitia kamera na kuufungua. Mwaka 1979 Nib Soehendra, daktari mzaliwa wa Indonesia aliyefanya kazi Hamburg, akaingiza mrija mdogo wa plastiki, yaani stenti, katika mrija wa nyongo ulioziba kwa saratani, na nyongo ikateremka tena utumboni. Alichapisha habari hiyo mwaka 1980.

Njia ya pili hupitia ubavuni. Daktari wa mionzi huchoma sindano ndefu na nyembamba kati ya mbavu, akiiongoza kwa eksirei au ultrasaundi mpaka iguse mrija uliojaa nyongo ndani ya ini. Kupitia sindano hupita waya, na juu ya waya hupita mrija wa plastiki. Njia hii ya kutoa nyongo kwa kupenya saratani ilielezwa mwaka 1974 na W. Molnar na A. E. Stockum wa Marekani. Mrija ukishindwa kupenya mahali palipoziba, nyongo hutoka nje katika mfuko unaoning'inia ubavuni. Ukipenya, sehemu ya nyongo au yote hurudi njia yake ya asili.

Mwisho wa miaka ya 1980 zikaja stenti za waya wa chuma zinazojifungua zenyewe zikiwa ndani. Tofauti yake familia inapaswa kuijua. Ya plastiki ni rahisi kwa bei, lakini mara nyingi huziba baada ya miezi mitatu hivi na huhitaji kubadilishwa. Ya chuma ni pana zaidi na hudumu zaidi, lakini ni ghali, na saratani inaweza kuota ikapenya matundu ya waya wake.

Siku mrija na mionzi zilipokutana

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari yetu. Daktari amekwisha pitisha mrija ukavuka katikati ya saratani, nao umefunguka. Tatizo ni kwamba saratani bado ipo pale pale na inaendelea kukua. Mwaka 1981 madaktari wa King's College Hospital, London, M. S. Fletcher na wenzake, walichapisha namna walivyopitisha uzi wa iridi 192 ndani ya mrija ule ule uliowekwa kutoa nyongo, ukakaa mahali palipo na saratani kwa muda uliopimwa, kisha ukatolewa. Hawakuhitaji tundu jipya, kwani njia iliyofunguliwa kwa ajili ya nyongo ilitumika kupeleka mionzi. Baadaye zilipokuja mashine zinazosukuma chanzo chenye nguvu kubwa, kazi iliyochukua siku nzima au zaidi ikafanyika kwa dakika chache kwa kila mara.

Matokeo yake yakoje? Tuseme ukweli bila ya kupamba. Kwa baadhi ya wagonjwa mrija ulikaa wazi muda mrefu zaidi na maisha yakarefuka kwa miezi. Kwa wagonjwa wengi ambao saratani yao haiwezi kuondolewa kwa upasuaji, haikuwa tiba ya kuponya. Pia ina hatari zake: maambukizi katika mirija ya nyongo, kutokwa na damu, na vidonda katika utumbo.

China ilipeleka fikra hiyo mbele zaidi kwa kutengeneza stenti inayobeba mbegu ndogo za iodini 125, hivyo kufungua na kutoa mionzi vikafanywa na chombo kimoja. Mbegu hizo hupungua nguvu nusu kila baada ya siku 60 hivi. Katika utafiti wa hospitali kadhaa za huko, uliochapishwa mwaka 2018 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 300, waliowekewa stenti ya mionzi waliishi kwa wastani wa kati siku zipatazo 200, na waliowekewa stenti ya kawaida siku zipatazo 140. Miezi miwili si kitu kidogo kwa mzazi anayesubiri mtoto wake arudi kutoka safarini. Wala haitoshi kumfanya mtu auze kibanja cha watoto kwa kudhani ananunua uponyaji.

Historia hii ilivyotufikia Kampala

Katwe imezungukwa na vilima vyenye historia ndefu ya tiba. Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na kufikia mwaka 1907 hospitali hiyo ilikuwa na eksirei. Nsambya ilifuata mwaka 1903, na Mulago mwaka 1913. Mwaka 1951 ilianzishwa daftari ya saratani ya Kampala, moja ya daftari za zamani kabisa Afrika, na kwa sababu yake tunaweza leo kujua ni saratani gani zimeongezeka na zipi zimepungua katika mji wetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alichapisha habari za saratani ya taya za watoto ambayo dunia nzima inaiita kwa jina lake. Kutokana na kazi hiyo, Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967 kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani.

Ulipofika mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, Wamarekani waliondoka. Wengi walidhani taasisi itafungwa. Daktari Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi na kazi ikaendelea. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya dawa ya adriamaisini kwa wagonjwa wa saratani ya ini hapa Kampala, na kwa miaka mingi baadaye dawa hiyo ilitumika sehemu nyingi duniani kwa ugonjwa huo. Vijana wetu wakumbuke hili wanapoambiwa kwamba elimu hutoka ng'ambo tu.

Ama mionzi, safari yake kwetu ilikuwa nzito. Mashine ya kobalti 60 ya kutibu kwa mionzi ya nje ilianza kazi Mulago mwaka 1995, na kwa miaka mingi ilikuwa moja tu kwa nchi nzima, na wagonjwa wa nchi jirani walikuja pia. Mwaka 2016 iliharibika isiweze kutengenezwa. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengine hawakuwa na uwezo wa kwenda popote. Mashine mpya kutoka Jamhuri ya Czech ilizinduliwa rasmi Januari 2018, na miaka iliyofuata taasisi ikaongeza mashine za kisasa za linaki.

Mionzi ya ndani nayo imetumika Kampala, na pia katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, lakini hasa kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowasumbua zaidi mama zetu. Hapa pana hesabu ambayo watu hawaioni. Iridi hupungua nguvu nusu kila baada ya siku 74, kwa hiyo hospitali hulazimika kuagiza chanzo kipya kila baada ya miezi mitatu au minne. Kobalti hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na zaidi kidogo, basi chanzo kimoja hudumu miaka. Kwa nchi ambayo mzigo unaweza kukwama bandarini au forodhani, tofauti hiyo huamua kama mgonjwa atatibiwa au atarudishwa nyumbani.

Ufunguzi wa mrija kwa njia ya ubavuni pia ulihitaji watu kabla ya vyombo. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, mpango ulioshirikisha chuo kikuu cha Yale ulianza mwaka 2018. Walimu walikuja kwa zamu kufundisha madaktari wa Kitanzania tiba zinazoongozwa na picha, na kutoa nyongo iliyozibwa ni miongoni mwa kazi walizojifunza mapema. Chombo chenyewe ni sindano, waya na mrija, vitu vinavyoingia katika mfuko mmoja. Kilichokosekana kwa miongo mingi kilikuwa mkono uliofundishwa.

Pale ambapo mrija hautoshi

Kuna tukio jingine la historia lililotokea karibu nasi kabisa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospisi Afrika Uganda katika nyumba ndogo aliyoazimwa na hospitali ya Nsambya, kisha ikahamia Makindye. Alileta mofini ya maji ya kunywa, inayotengenezwa kwa unga na maji kwa gharama ndogo, mgonjwa akainywa akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, jambo lililokuwa geni duniani. Kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho, ambaye maumivu yake hupenya mpaka mgongoni, faida ya chupa hiyo ni kubwa. Stenti na mofini havishindani. Stenti huondoa kuwashwa, umanjano na kichefuchefu, na mofini huondoa maumivu.

Tunayojifunza sisi wenye familia

Kwanza, macho ya manjano yanayoambatana na choo cheupe na mkojo mweusi ni habari ya kupelekwa hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu. Ultrasaundi ya tumbo, ambayo si ghali ukilinganisha na vipimo vingine, inaweza kuonyesha kama mirija imetanuka, na hiyo ndiyo dalili ya kuziba.

Pili, umanjano ukiambatana na homa na kutetemeka ni dharura. Ni dalili kwamba nyongo iliyosimama imeingiwa na vijidudu, na mgonjwa anaweza kupotea kwa siku chache. Hata aliyekwisha wekewa stenti akipata hali hii asisubiri asubuhi.

Tatu, kabla ya kuuza mali au kuchangisha jamaa kwa ajili ya safari ya nje, tumuulize daktari maswali manne kwa upole lakini kwa uwazi. Je, lengo ni kuponya au kupunguza mateso? Upasuaji wa kuondoa saratani bado unawezekana? Mrija atakaowekewa ni wa aina gani na utadumu kwa muda gani? Na ukiziba tukiwa tumekwisha rudi Kampala, nani ataubadilisha? Daktari mwema hachukizwi na maswali haya.

Nne, mgonjwa mwenye mfuko wa nyongo ubavuni asiache kuja kwa wenzake kwa aibu, wala asiache swala kwa kudhani hawezi kuwa na tohara. Wenye udhuru wa kudumu wana hukumu zao, na aulize kwa sheikh wake aelekezwe.

Tano, na hili tunawaambia vijana wa masomo ya sayansi: watu waliotajwa katika historia hii walitoka Bukhara, Andalusia, Paris, Indonesia na Kampala. Kila mmoja alichukua kipande kilichoachwa na mwingine akakiendeleza. Nchi yetu bado ina upungufu mkubwa wa madaktari wa mionzi, wa kamera za tumbo na wa fizikia ya tiba. Mzazi mwenye mtoto anayependa hesabu na fizikia asidhani kwamba njia yake ni benki tu. Katika wodi za Mulago kuna kazi inayomngoja, na wagonjwa wanaomngoja ni jirani zake.